Sura Zimeokolewa, Majina Yanazikwa

Umeingia mtindo katika miji yetu, na Bukoba haikubaki nyuma, wa kufufua picha za zamani. Mtu huchimbua sanduku la negativu lililosahauliwa katika chumba cha nyuma cha studio iliyokwisha kufungwa, huzipitisha katika skana moja baada ya nyingine, na kabla ya jua kuchwa sura za vijana wa mwaka 1965 au 1978 zimekwisha kusambaa katika simu za watu elfu. Binti wa kimini amesimama kando ya redio. Kijana wa bugaluu na raizoni ameegemea nguzo ya plasta. Mama wa busuti ameketi wima kama mkama. Chini yake huandikwa maneno mawili matatu: "Warembo wa enzi hizo." Watu hucheka, husifu, huwapelekea wenzao, na kesho yake husahau.

Kazi ya kuziokoa picha hizo ni njema, na anayeifanya anastahili shukrani. Lakini kama inavyofanywa sasa ni nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito zaidi. Picha ya mtu iliyookolewa bila jina lake, bila mahali pake, na bila idhini yake au ya jamaa zake, haijaokolewa. Imehamishwa tu kutoka sanduku la bati kwenda sanduku la umeme. Na katika wilaya za Bukoba na Muleba, ambako sehemu kubwa ya kizazi kilichopigwa picha hizo ilipukutika kabla ya wakati wake, uzembe huo una madhara ambayo hayatatibika baadaye.

DIRISHA LA STUDIO

Hapana budi kwanza tuelewe watu hao walikuwa nani. Studio ya picha katika mji wa Bukoba haikuwa anasa ya matajiri peke yao. Ilikwenda sambamba na kahawa. Mkulima aliyelipwa fedha za mavuno na chama chake cha ushirika alikuwa na sababu nyingi za kuingia studio: harusi, kipaimara, mtoto aliyefaulu, ndugu anayesafiri kwenda Kampala au Mwanza. Mwalimu aliyemaliza chuo alipiga picha kabla ya kwenda kuripoti kazini. Ndani ya studio kulikuwa na pazia lenye mandhari ya kuchorwa, kiti cha heshima, chombo cha maua, na mara nyingi koti na tai za kuazima. Mtu aliingia mkulima akatoka karani. Asiite mtu jambo hilo udanganyifu. Lilikuwa tamko la matumaini ya watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kujiona kuwa wenye nchi.

Kisha kulikuwa na dirisha. Mwenye studio alichagua picha zilizotoka vizuri kupita nyingine, akazikuza, akazipanga nyuma ya kioo kinachotazama barabara ili ziite wateja. Wengi waliochaguliwa walikuwa wasichana. Wapita njia walisimama wakawatazama, na mafundi cherehani wakajifunza mishono yao. Hao ndio waliokuwa wanamitindo wetu. Hawakuwa na mkataba, hawakulipwa senti, na aghalabu hawakuulizwa.

Tukumbuke kwamba taifa lilimpata Miss Tanzania Theresa Shayo mwaka 1967, kisha mashindano ya urembo yakasimamishwa, nayo hayakurudi mpaka mwaka 1994. Katika kipindi hicho cha zaidi ya robo karne, dirisha la studio ndilo lililokuwa jukwaa la mitindo la mji mdogo. Anayetaka kuandika historia ya mavazi, ya ushonaji, ya biashara ya vitambaa na ya heshima ya mwanamke wa Tanzania katika miaka hiyo, hana budi kupitia hapo.

Jambo moja halisemwi. Watu hao walikuwa na majina, na majina hayo yaliandikwa. Negativu ziliwekwa katika bahasha, bahasha ikapewa namba, na namba ikaandikwa katika daftari pamoja na jina la mteja, ili akirudi mwakani kutaka nakala nyingine iweze kupatikana. Leo studio inapovunjwa, negativu huchukuliwa kwa kuwa zinapendeza, na daftari hutupwa kwa kuwa ni karatasi chakavu. Ndivyo sura inavyotenganishwa na jina katika asubuhi moja, kwa ujinga tu, wala si kwa lazima yoyote.

MKOLONI ALIANZA HIVI HIVI

Utaratibu wa kuchukua sura na kuacha jina si mpya katika Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja kama ile ya A. C. Gomes ziliuza kadi za posta zenye picha za wanawake wa pwani. Walivishwa, walipambwa, walipangwa mbele ya kamera, na kadi zikasafiri hadi Ulaya zikiwa na maelezo ya jumla tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Zanzibar. Aliitwa nani, binti wa nani, mtaa gani, hayo hayakumhusu mnunuzi.

Bara, Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi za koloni la nchi yake. Leo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani, na nyingi zinaonekana mtandaoni tangu mwaka 2008. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo ina mkusanyo wa iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, wenye picha zipatazo 55,000. Kuhusu upande wetu wa ziwa, ofisa Mjerumani Hermann Rehse alichapisha mwaka 1910 kitabu kizima juu ya Kiziba na watu wake. Mtu akipitia makusanyo ya namna hiyo ataona kanuni moja: gavana ana jina, afisa ana jina, mtawala wa kienyeji aliyewafaa Wajerumani ana jina. Mpagazi, mpishi, mama aliyebeba mtungi na msichana aliyevaa nguo ya gome la mti ni "wenyeji."

Tuliipinga kanuni hiyo, na kwa haki kabisa. Tulisema kwamba ilimfanya mtu kuwa mfano wa kabila lake badala ya kuwa mtu. Sasa tujiulize: kijana wa Bukoba anayemweka shangazi ya mtu mtandaoni na kuandika "mrembo wa kizamani" anatofautianaje na muuza kadi za posta wa mwaka 1905? Skana yake ni mpya, lakini macho aliyovaa ni ya zamani. Na magazeti yetu hayakosi lawama katika jambo hili, kwa maana miaka nenda miaka rudi picha ya mkutano imemtaja mgeni rasmi kwa cheo chake chote, na walioketi nyuma yake wakaandikwa "baadhi ya wananchi."

NGUO ILIYOSHTAKIWA

Iko sababu nyingine inayofanya jina lisiandikwe, nayo ni aibu. Hapa ndipo Bukoba na Muleba zinapotofautiana na mahali pengi.

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililoanza kutumika Januari 1, 1969, la kupiga vita vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Shabaha ya kupinga kasumba ya kuiga kila kitokacho Ulaya ilikuwa na msingi wake. Lakini mzigo wa azimio hilo uliwaangukia wasichana zaidi kuliko wavulana, na wako waliodhalilishwa barabarani na makundi yaliyojipa kazi ya kupima marinda. Tangu hapo msichana aliyevaa kwa kupendeza alianza kutazamwa kama mtu mwenye kesi ya kujibu.

Kesi hiyo ikageuka kuwa hukumu baada ya vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Vita ilipokwisha mwaka 1979 mpaka ulibaki na njaa ya bidhaa, na magendo na Uganda yakashamiri. Miongoni mwa bidhaa hizo ilikuwamo nguo ya fahari iliyoitwa Juliana. Ugonjwa ule mgeni ulipozuka, watu wa mkoa huu waliupa jina la nguo hiyo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Utafiti uliofanyika mkoani mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24.2 kati ya kila 100 walikuwa na virusi, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba 10 kati ya kila 100. Wakati huo dawa za kurefusha maisha hazikuwapo.

Msomaji aziweke tarakimu hizo mbele ya sanduku la negativu la miaka ya 1970 na 1980. Sanduku lenye picha za vijana 400 wa mjini si kumbukumbu ya mitindo peke yake. Ni daftari la marehemu. Na kwa kuwa nguo ilishtakiwa kwa kosa la kirusi, wako jamaa waliokata sura katika albamu, waliochoma picha, au waliozifungia ndani ya sanduku wasizitaje tena. Anayezitandaza leo kwa mzaha anatonesha kidonda asichokijua. Anayezificha daima naye anaendeleza uongo kwamba kupendeza ndiko kulikowaua. Njia ya haki imepita katikati yao: tuwataje watu hao kwa majina yao, kwa heshima, na kwa ruhusa ya watu wao.

Maana wako wanaozingoja. Mtoto aliyezaliwa Nshamba au Kamachumu mwaka 1988, akazikwa baba mwaka 1990 na mama mwaka 1992, leo ni mtu mzima mwenye watoto. Hana sauti ya mama yake. Yumkini hana hata karatasi yenye mwandiko wake. Iwapo mama huyo aliwahi kusimama mbele ya pazia la studio mjini Bukoba, basi negativu moja ya sentimita sita kwa sita ndiyo urithi pekee wa sura aliouacha. Picha hiyo ikiwa mtandaoni chini ya maneno "warembo wa enzi hizo", mtoto anaweza kuipita mara 100 asijue kwamba anampita mama yake. Hilo ndilo jambo lililo hatarini, wala si pambo la ukuta.

Na Ukimwi haukuwa peke yake. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza, mamia ya watu waliangamia, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, na nyumba ikianguka sanduku la picha huanguka nayo. Mkoa uliopoteza watu wake kwa njia nyingi namna hiyo hauwezi kumudu kuwapoteza mara ya pili kwa kukosa kalamu.

HOJA ZA WAPINZANI

Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya watu waliokosa la kufanya, ilhali wananchi wanadai maji, barabara na dawa. Hoja hiyo huvutia, lakini haina mizani. Hakuna aliyeomba kisima kisichimbwe ili picha iskaniwe. Bahasha, penseli na saa mbili za Jumamosi hazipunguzi bajeti ya wilaya. Zaidi ya hayo, taifa linalodai kurudishiwa urithi wake kutoka makumbusho ya Ulaya litaonekana la ajabu likiuacha urithi ulio mikononi mwake uliwe na ukungu.

Wengine watasema picha hizo ni mali ya mwenye studio, basi na afanye apendavyo. Ni kweli kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kazi, na mpiga picha ni mtunzi. Haki yake iheshimiwe, na jina lake pia liandikwe. Lakini mpiga picha aliuza nakala kwa mteja, hakuununua uso wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imekwisha kutufundisha kwamba taarifa za mtu si makapi ya kuokotwa na kila apitaye. Bibi wa miaka 75 aliyepigwa picha akiwa na miaka 20 bado yu hai kule Kanyigo au Rubya. Aulizwe. Huenda akafurahi kuonwa na dunia nzima. Huenda akasema picha hiyo ibaki kwa wajukuu wake. Majibu yote mawili ni halali.

Kundi la tatu ni la wanaodai kwamba kuuliza majina kutachelewesha kazi, na negativu zinaoza. Kuoza ni kweli. Mvua za Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu na joto ni adui wa mkanda wa picha: ukianza kunuka siki, ujue umekwisha kuanza kujila wenyewe. Lakini mzee naye hapungui kasi kwa kusubiriwa. Negativu ya mwaka 1970 yaweza kuvumilia miaka mitano mingine ikiwekwa mahali pakavu. Anayezijua sura zilizomo ana miaka 80. Mwenye akili ataanza na yupi?

JIRANI ZETU WAMETANGULIA

Asidhani mtu kwamba tunazungumza ndoto. Ng'ambo ya Mutukula jambo hili limefanyika. Mwaka 2015 katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda liligunduliwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za wakati wa Amin. Zilianza kuskaniwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na vyuo vikuu, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala. Waandaaji hawakutundika tu picha ukutani. Walijua kwamba wapiga picha wa serikali ile walionyesha mikutano na magwaride, wasionyeshe waliouawa. Kwa hiyo walitafuta maelezo ya kuziba pengo hilo. Kabla yao, tangu mwaka 2011, mradi wa History in Progress Uganda ulioanzishwa na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon ulikuwa unakusanya picha za studio na za watu binafsi na kuzionyesha hadharani ili wanaowajua waliomo wajitokeze na kusema.

Zanzibar nako, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilitunza kazi zake kizazi baada ya kizazi, na kwa ajili hiyo Unguja ya zamani ina uso. Sisi wa upande wa magharibi ya ziwa tunangoja nini?

KAZI YA MTUMISHI NA MWALIMU

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa nyaraka za ofisi za umma. Studio ya mtu binafsi si ofisi ya umma, kwa hiyo sanduku lake huangukia katika ufa: Serikali haioni kwamba ni lake, na jamaa za marehemu mpiga picha hawajui wampelekee nani. Ufa huo unaweza kuzibwa na maofisa utamaduni wa halmashauri za Bukoba na Muleba pasipo kungoja sheria mpya. Kinachotakiwa ni orodha ya studio zilizokuwapo, mahali ziliko negativu na madaftari yake, na kabati moja kavu lenye kufuli ambalo mwananchi atajua kwamba picha zake zikiingia humo hazitaibwa.

Walimu wana nafasi kubwa zaidi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limewekwa katika mitaala mipya kuwa la lazima. Basi mwanafunzi wa Muleba apewe kazi ya kumwendea bibi yake na picha tatu za nyumbani, aandike nani yumo, wapi, mwaka gani kwa kukadiria, nguo ilishonwa na nani, na ilikuwa siku gani. Atakuwa amejifunza historia na maadili kwa pamoja.

Kazi yenyewe ina kanuni chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzishika. Daftari la studio lichukuliwe kwanza, kisha negativu. Namba ya bahasha isitenganishwe kamwe na kilichomo ndani yake. Negativu ishikwe pembeni, isiguswe kwa vidole wala kuoshwa kwa maji. Pakiwapo negativu na picha iliyosafishwa, iskaniwe negativu, kwa kuwa ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Lakini nyuma ya picha pasomwe, maana huko ndiko watu walikoandika majina. Maandishi mapya yaandikwe kwa penseli laini. Nakala ziwe tatu, na moja ikae mbali na nyingine, kwani tumekwisha kuona tetemeko. Mwisho, kila picha iwe na jibu la swali moja: mwenyewe au jamaa zake wamesema ionyeshwe kwa nani? Pasipo jibu, ibaki kabatini mpaka jibu lipatikane.

Wale vijana walikwenda studio kwa miguu, wakiwa wamebeba viatu mkononi ili visichafuke, na fedha ya kahawa mfukoni. Walisimama wima mbele ya kamera kwa sababu walitaka wajulikane kuwa ni wao. Walilipia sura, na karani akaandika jina. Sisi tuliorithi vyote viwili hatuna ruhusa ya kuchagua kimoja. Watumishi wa umma na walimu wa Bukoba na Muleba wasingoje waraka kutoka Dodoma: Jumamosi hii wawaendee wazee wakiwa na picha mkono mmoja na penseli mkono wa pili.